Akondroplasia: jinsi herufi moja ya jeni ya FGFR3 inavyofupisha mifupa (uzi kwa wazazi na ndugu)

MLETA UZI

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Mtoto akizaliwa na mikono na miguu mifupi kuliko kawaida, swali la kwanza ndani ya familia huwa "imetoka wapi?" La pili, ambalo huja haraka mno, ni "imetoka upande wa nani?" Mzigo wa swali hilo la pili kwa kawaida humwangukia mama. Ataulizwa alikula nini, alimeza dawa gani, alianguka lini. Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye akondroplasia na maswali hayo nimeyasikia yote. Majibu yake yapo, yanajulikana tangu 1994, na kila mzazi ana haki ya kuyapata kwa lugha anayoielewa. Uzi ni mrefu, someni taratibu.

Akondroplasia ndiyo sababu inayoongoza ya ufupi wa kimo usio na uwiano, yaani pale kiwiliwili kinapokaribia urefu wa kawaida huku mikono na miguu ikiwa mifupi. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 25,000 wanaozaliwa, katika mabara yote, wavulana kwa wasichana. Kinachofupika zaidi ni sehemu ya juu ya kiungo: mfupa wa kati ya bega na kiwiko, na mfupa wa paja. Kichwa huwa kikubwa kidogo, paji la uso limetokeza, kitako cha pua kimebonyea. Watu wazima hufikia wastani wa sentimita 131 kwa wanaume na 124 kwa wanawake. Akili haiguswi, na ninalisema hili mapema makusudi: mtoto huyu atachelewa kukaa na kutembea kwa sababu ya uzito wa kichwa na ulegevu wa misuli, na watu wasioelewa huuchukulia ucheleweshaji huo kuwa ni upungufu wa akili.

Tuingie kwenye mfupa wenyewe.

Mfupa mrefu haurefuki kwa kuvutika katikati. Hukua kwenye ncha zake, ambako kuna tabaka jembamba la gegedu (tishu ngumu inayopinda, kama ile ya sikio) liitwalo bamba la ukuaji. Humo seli za gegedu hujipanga safu safu, zinagawanyika, kisha zinavimba, halafu zinakufa na mfupa mgumu unachukua nafasi yake. Kila duru ya kazi hiyo huisogeza ncha ya mfupa mbele kidogo. Inaanza mtoto akiwa tumboni na kuendelea mpaka mwisho wa balehe, bamba linapogeuka lote kuwa mfupa na urefu kusimama.

Kazi hiyo ina msimamizi wake. Kwenye utando wa seli hizo kuna protini iitwayo FGFR3, ambayo ni kipokezi cha ujumbe. Sehemu yake moja iko nje ya seli, kipande kifupi kimepenya utando, na sehemu nyingine iko ndani. Ujumbe wa kemikali ukifika, vipokezi viwili hushikana, sehemu zao za ndani huamshana na kupeleka amri katikati ya seli. Amri yenyewe ni ya kupunguza mwendo: seli zisigawanyike kwa wingi, zisivimbe kwa haraka. Kwa hiyo FGFR3 ni breki ya ukuaji wa mfupa, na kila gari linahitaji breki. Akondroplasia ni hali ya breki iliyokanyagwa na isiyoachiwa.

Ushahidi wa hili unatoka pande zote mbili. Mwaka 1996 watafiti waliizima kabisa jeni hii kwa panya, na panya wale wakaota mifupa mirefu kupita kiasi. Mwaka 2006 ikaelezwa familia ya watu ambao FGFR3 yao imepungukiwa nguvu: walikuwa warefu, vidole vimepinda, na kusikia kwao kuna shida. Jeni ni ileile. Ikizidisha kazi mfupa hufupika, ikipunguza kazi mfupa hurefuka kupita kipimo.

Sasa kosa lenyewe. Jeni ya FGFR3 iko kwenye kromosomu ya 4 (kromosomu ni nyuzi za DNA zinazobeba jeni), karibu na ncha yake moja. Mwaka 1994 makundi mawili ya watafiti, moja la California katika maabara ya John Wasmuth na jingine la Paris, yalionyesha kila moja kwa upande wake kuwa chanzo cha akondroplasia kiko humo. Ajabu ilikuwa namna wagonjwa walivyofanana. Magonjwa mengi ya kurithi yana makosa ya kila namna ndani ya jeni moja, kila familia na lake. Hapa karibu kila mtu alikuwa na kosa lilelile, mahali palepale.

Maelekezo ya jeni huandikwa kwa herufi nne za kemikali: A, C, G na T. Mahali hapo ni herufi ya 1138 ya maelekezo ya protini hiyo. Kwa kawaida pana G. Kwa takriban asilimia 98 ya wenye akondroplasia, G hiyo imekuwa A. Kwa asilimia 1 hivi imekuwa C. Herufi za jeni husomwa tatu tatu, na tatu hizi ni GGG, zinazoagiza asidi amino (tofali la kujengea protini) iitwayo glisini. Zikiwa AGG zinaagiza arginini. Zikiwa CGG pia zinaagiza arginini. Ndiyo maana makosa mawili tofauti yanamleta mtoto yuleyule.

Protini nzima ina asidi amino zaidi ya 800, na iliyobadilika ni ya 380 peke yake, ile iliyokaa katikati ya utando wa seli. Glisini ni ndogo na haina chaji. Arginini ni kubwa na ina chaji chanya, na imewekwa ndani ya mafuta ya utando, mahali ambapo chaji haina makazi. Badiliko hilo linatosha kukifanya kipokezi kitume amri kupita kiasi.

Na kwa kuwa kosa ni la kuzidisha kazi, nakala moja mbovu inatosha. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za FGFR3, moja ya baba na moja ya mama. Nakala nzima iliyobaki haiwezi kuinyamazisha ile inayopiga kelele. Wataalamu wanaiita hii jeni tawala.

Karibuni kwa maswali.

MCHANGIAJI WA 1

Asante sana mkuu kwa somo. Lakini hapo kwenye kurithi umeniacha njiani. Mimi na mume wangu tuna vimo vya kawaida, wazazi wetu vilevile, hakuna hata mmoja kwenye koo zetu. Mtoto wetu amerithi kutoka kwa nani?

MLETA UZI

Dada, hakurithi hali hii kutoka kwa ukoo wowote. Familia nyingi zenye mtoto wa akondroplasia ziko kama yako: takriban asilimia 80 ya watoto hawa huzaliwa na wazazi wenye vimo vya kawaida. Kosa limezaliwa upya kwa mtoto huyo. Kuanzia kwake ndipo linaweza kurithiwa.

Limetokea wapi? Karibu siku zote ni kwenye mbegu ya baba. Mwaka 1998 watafiti walifuatilia watoto 40 ambao wazazi wao hawakuwa na hali hii, na kwa wote 40 nakala yenye kosa ilikuwa ile iliyotoka kwa baba. Naomba waliozoea kumnyooshea mama kidole wausome mstari huo mara mbili.

Lakini tafadhali tusihamishie lawama kwa baba. Soma sababu.

Mwanamke huzaliwa na akiba ya mayai yake yote, na migawanyiko ya kuyaandaa karibu yote inaisha kabla hajazaliwa. Mwanamume hutengeneza mbegu mfululizo tangu balehe. Seli mama za mbegu hugawanyika karibu mara 23 kwa mwaka, na kila mgawanyiko ni kunakili herufi takriban bilioni tatu za kila seti ya kromosomu. Makosa machache hupita. Kila mwanamume aliye hai ana mbegu zenye makosa ya herufi, kila mwanamume bila kubagua.

Halafu herufi hii ya 1138 ina udhaifu wake wa kipekee. G hiyo imetanguliwa na C, na pale C na G zinapofuatana namna hiyo, kemia ya DNA huifanya C ya upande mmojawapo iwe rahisi kugeuka, na kwa upande wa pili G inageuka A. Ni mojawapo ya herufi zinazobadilika kwa wepesi mkubwa zaidi katika vinasaba vyote vya binadamu. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini watu wasio na undugu wowote, kwenye mabara tofauti, wana kosa linalofanana herufi kwa herufi.

Kuna jambo la tatu, na mimi ndilo linalonivutia kuliko yote. Huko nyuma, mwaka 1912, daktari Mjerumani Wilhelm Weinberg aligundua kuwa watoto wa akondroplasia wasio na ndugu mwenye hali hiyo wengi wao walikuwa wa mwisho kuzaliwa. Wakati huo hakuna aliyejua jeni imeundwa na nini. Mwaka 1955 Lionel Penrose wa Uingereza akatenganisha mambo matatu yaliyokuwa yamechanganyikana, umri wa mama, umri wa baba na nafasi ya mtoto katika uzao, na akaonyesha kuwa kinachohusika hasa ni umri wa baba. Uwezekano hupanda baba anavyozidi kuwa mtu mzima.

Mtu angedhani ni hesabu ya makosa ya kunakili tu yanayorundikana. Lakini watafiti walipozichunguza korodani waliona seli zenye kosa hili zimekusanyika makundi makundi, sehemu hii zimejaa na sehemu ile hazipo kabisa. Maana yake ni kwamba seli mama ya mbegu ikishapata kosa hili, hupata nguvu ya kuongezeka kuliko jirani zake. FGFR3 yenye bidii kupita kiasi huzuia seli za gegedu, lakini seli za mbegu huzisukuma mbele. Miaka inavyopita kundi lile linapanuka.

Hata hivyo, uwezekano kwa baba mmoja mmoja unabaki mdogo sana. Wababa wengi wenye umri mkubwa hupata watoto wasio na akondroplasia, na vijana wa miaka 20 na kitu hupata watoto wenye nayo. Hakuna alichofanya mumeo, na hakuna alichoweza kufanya kuzuia.

Kwa mimba inayofuata, uwezekano wa ninyi wawili kupata mtoto mwingine mwenye hali hii uko chini ya asilimia 1. Hauwi sifuri kabisa kwa sababu mara chache mzazi huwa na kundi zima la seli za uzazi zenye kosa hilo bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili.

MCHANGIAJI WA 2

Mimi mwenyewe nina akondroplasia, nina miaka 27. Mchumba wangu naye anayo. Tunasikia maneno mengi, wengine wanatuambia watoto wote watakuwa kama sisi, wengine wanasema tusizae kabisa. Ukweli ni upi?

MLETA UZI

Hongereni kwa uchumba wenu, na asante kwa kuuliza kwa uwazi.

Kila mmoja wenu ana nakala moja yenye kosa na moja nzima, na kila mmoja atampa mtoto moja tu kati ya hizo mbili. Kwa hiyo katika kila mimba kuna uwezekano wa asilimia 50 wa mtoto kupata nakala moja yenye kosa, naye atakuwa na akondroplasia kama ninyi. Asilimia 25 atapata nakala mbili nzima na kuwa na kimo cha kawaida. Asilimia 25 zilizobaki ndizo nzito: mtoto hupata nakala mbili zenye kosa. Breki inakuwa kali mno, kifua kinabaki kidogo kiasi kwamba mapafu hayana nafasi ya kukua, na mtoto huyo hufariki tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa.

Ni vigumu kusoma, najua. Lakini ni heri mlijue sasa kuliko kulikuta kwenye chumba cha kujifungulia. Nendeni kwa mshauri wa jeni kabla ya mimba. Kosa likiwa linajulikana kwa wazazi wote wawili, mtoto anaweza kupimwa mapema katika ujauzito. Na suala la kuzaa au kutozaa ni la ninyi wawili, wala si la kuamuliwa na wanaopita njiani.

Wale ambao mmoja tu ana akondroplasia na mwenzake ana kimo cha kawaida, hesabu ni nusu kwa nusu kila mimba, na ile hatari ya nakala mbili haipo. Tahadhari moja: kama mwenzake ni mfupi kwa sababu ya ugonjwa mwingine wa mifupa, msikadirie wenyewe. Mtoto anaweza kurithi yote mawili kwa pamoja, na matokeo hutegemea ni ugonjwa upi.

MCHANGIAJI WA 3

Mwanangu alizaliwa na urefu wa kawaida kabisa, sura ya kawaida. Alipofika miaka miwili ndipo tukaona anatembea kwa kuyumba kama bata na hakui. Daktari wa kwanza akasema ni akondroplasia. Mbona haifanani na uliyoeleza?

MLETA UZI

Kaka, una haki ya kuuliza tena hospitali. Akondroplasia huonekana tangu kuzaliwa, na mara nyingi hata kwenye picha ya ultrasaundi baada ya wiki ya 24, mifupa ya paja inapoanza kubaki nyuma. Mtoto aliyezaliwa na urefu wa kawaida na sura ya kawaida, kisha akabadilika alipoanza kutembea, anaelekea zaidi kwenye hali nyingine iitwayo psudoakondroplasia. Siwezi kumpima mtoto kupitia maandishi, ila maelezo yako yanaelekea huko.

Chanzo chake ni tofauti kabisa. Ni jeni ya COMP, kwenye kromosomu ya 19, inayotengeneza protini ya kujenga mazingira yanayozunguka seli za gegedu. Protini ikikunjwa vibaya inashindwa kutoka, inarundikana ndani ya seli na kuiua kabla ya wakati. Viungo hulegea, na maumivu ya magoti na nyonga huja mapema. Picha za eksirei zikisomwa na mtu anayezijua hali hizi, pamoja na kipimo cha jeni, zitamaliza ubishi.

Tukiwa hapohapo, FGFR3 yenyewe ina makosa mengine yenye majina mengine. Kosa kwenye asidi amino ya 540 mara nyingi huleta haipokondroplasia, ufupi wa kiasi ambao wakati mwingine hautambuliki mpaka mtoto aanze shule. Makosa mengine huiwasha breki kwa ukali wa kumuua mtoto mchanga. Jeni moja, na ukali wa ugonjwa unafuata ukali wa kosa.

MCHANGIAJI WA 1

Nimesoma huku nalia, kwa unafuu. Swali jingine: je, kuna dawa? Na kwa mtoto wa miezi minne niangalie nini?

MLETA UZI

Homoni ya ukuaji haigusi chanzo, maana mtoto hana upungufu wa homoni hiyo. Iliyolenga chanzo ni vosoritaidi. Mwili una kemikali yake iitwayo CNP inayozuia mojawapo ya njia ambazo FGFR3 hupitishia amri yake, lakini CNP ya asili huvunjwa ndani ya dakika chache. Vosoritaidi ni CNP iliyobadilishwa ili idumu zaidi. Huchomwa chini ya ngozi kila siku. Katika jaribio lililochapishwa 2020, lenye watoto 121, waliopata dawa walikua sentimita 1.57 zaidi kwa mwaka kuliko waliochomwa sindano isiyo na dawa. Ulaya na Marekani ziliiruhusu 2021, na 2023 Marekani ikaondoa kikomo cha chini cha umri. Inafanya kazi bamba la ukuaji likiwa bado wazi tu. Inaweza kushusha presha kwa muda, kwa hiyo mtoto ale na kunywa kabla ya sindano.

Kwa miezi minne, kimo kisiwe ndicho kinachokunyima usingizi. Angalia shingo na pumzi. Mifupa ya juu ya fuvu haipitii hatua ya gegedu, ndiyo maana kichwa kinakua vizuri. Mifupa ya kitako cha fuvu inapitia gegedu, kwa hiyo breki inaikamata, na tundu linalopitisha uti wa mgongo linaweza kuwa jembamba na kubana. Mtoto akisimama kupumua usingizini, akikoroma sana, akinyonya kwa shida, akilegea zaidi ya alivyokuwa au akionyesha nguvu zimepungua mikononi na miguuni, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hata bila dalili, omba achunguzwe pumzi akiwa amelala, na uulize kuhusu picha ya MRI ya kichwa na shingo.

Usimkalishe kabla mgongo wake haujapata nguvu, wala usimbebe akiwa amejikunja kama herufi C kwa muda mrefu, kibiongo huanzia hapo. Kichwa kipimwe kila kliniki kwa chati ya watoto wa akondroplasia. Kwa chati ya kawaida utatishwa bure, au maji yanayojaa kichwani yatapita bila kuonekana. Masikio yake yataugua mara kwa mara, yatibiwe mapema ili kusikia na kusema kusichelewe.

MCHANGIAJI WA 4

Mimi ni mdogo wake mtu mwenye akondroplasia. Nina kimo cha kawaida na ninatarajia kuolewa. Upande wa mchumba wanasema hali hii itakuwa imejificha ndani yangu na itatokea kwa watoto wangu. Nawajibu vipi?

MLETA UZI

Waambie haijifichi. Kuna magonjwa ambayo mtu hubeba jeni yake kimya kimya maisha yote na hata kumpa mjukuu, lakini hayo yanahitaji nakala mbili ili yaonekane. Akondroplasia inahitaji moja tu, na aliye nayo huonekana. Wewe una kimo cha kawaida, kwa hiyo nakala zako mbili za FGFR3 ni nzima. Uwezekano wa wewe kupata mtoto mwenye akondroplasia ni uleule wa mwanamke yeyote mwenye kimo cha kawaida, na uwezekano huo hautoki kwa kaka au dada yako. Wakitaka karatasi, kipimo cha damu cha herufi ya 1138 kinatosha, ingawa kitabibu huna sababu ya kukifanya.